Deraya ya gemu kwa mikeka ya watoto: jinsi ya kuitengeneza ivumilie joto la Dar

Maelekezo mengi ya kutengeneza deraya za kosplei, yaani za kuvaa ili ufanane na mhusika wa gemu au filamu, yameandikwa na watu wanaoishi kwenye baridi. Wanakuambia gundi iko tayari baada ya dakika kumi, rangi baada ya saa moja, na vazi likikamilika ulitupie tu kwenye buti ya gari. Ukiyafuata neno kwa neno ukiwa Mbagala au Sinza mwezi wa pili, kifua kitafunguka kwenye maungio kabla hujafika ukumbini, na mabega yatakuwa yameng'ang'aniana ndani ya mfuko kama maandazi yaliyofunikwa yakiwa ya moto. Foamu, ule mpira mwepesi wa mikeka ya watoto, haina ugomvi na joto letu la kivulini. Vinavyoshindwa ni gundi, rangi na mtu aliyemo ndani.

Deraya inayozungumziwa hapa ni ile kamili: helmeti, kifua na mgongo, mabega, vigasha, mapaja na miundi, iwe ya askari wa anga za mbali au ya mpiganaji wa upanga. Kwa mtu mzima wa kimo cha kawaida inakula mikeka 12 hadi 16 ya sm 60 kwa 60. Kama hujawahi, usianze na helmeti ingawa ndiyo inayovutia. Anza na kigasha kimoja. Kina mkunjo, ungio, kingo, mkanda na rangi, yaani kila kitu utakachokutana nacho mbele, na kikiharibika umepoteza kipande kidogo tu cha mkeka.

Foamu na namna ya kuipima dukani

Foamu ya EVA ndiyo malighafi ya yeboyebo na ya kandambili nyingi, kwa hiyo mguso wake unaujua. Kariakoo inauzwa kama mikeka ya watoto ya kuunganisha, ile yenye meno pembeni, na maduka ya vifaa vya mazoezi huuza ileile kwa jina la mikeka ya jimu. Unayoitaka ina unene wa mm 10 hadi 12, upande mmoja una mchoro wa vinundu na wa pili ni laini. Upande laini ndio utakaotazama nje. Ile yenye picha za herufi au wanyama zilizochomekwa iache, kwa sababu kila picha ni tundu utakalohangaika kuliziba.

Ubora unapimwa kwa mzani. Mkeka wa sm 60 kwa 60 wenye unene wa mm 12 ukiwa mzito wa gramu 400 au zaidi, foamu yake imeshiba. Ukiwa chini ya gramu 300 una hewa nyingi: utachanika ukiupiga msasa, na kingo zitabaki na vishimo ambavyo hakuna rangi itakayovificha. Kwa unene wa mm 10, tafuta gramu 350 hivi. Kama duka halina mzani, kandamiza kwa ukucha kisha hesabu hadi tano. Alama ikibaki imezama, rudisha mkeka mahali pake na useme asante.

Usikubali kuuziwa sponji ya makochi kwa jina la foamu. Sponji inakunywa gundi na rangi kama mchanga unavyokunywa maji, na ukiipasha moto haishiki umbo. Mikeka ya yoga nayo iangalie mara mbili, kwani mingi ni ya PVC. Ikipata moto mkali hutoa moshi wenye asidi unaochoma koo, na ikipoa inarudi ilivyokuwa.

Kwa mapambo madogo na sehemu zinazopinda sana, nunua foamu nyembamba. Karatasi za foamu za mm 2 zinapatikana maduka ya vifaa vya shule, na za mm 4 hadi 6 utazikuta kwa wauzaji wa malighafi za viatu, wanakonunua soli mafundi viatu. Hukohuko ndiko iliko gundi yako. Mwambie muuzaji, "Bosi, naomba gundi ya kubandikia soli, ile ya njano, kopo lisilofunguliwa." Neno la mwisho usilisahau. Gundi ya kupimiwa kwenye chupa ya maji mara nyingi imeongezwa thina ili iwe nyingi, nayo inashika vizuri siku ya kwanza na kuachia siku ya tatu. Vazi zima linahitaji lita 1 hadi 1.5.

Gundi ya vijiti inayoyeyushwa kwa bunduki ina kazi zake, lakini kwenye maungio ya deraya haifai hapa mjini. Gari lililoegeshwa juani linaweza kupita nyuzi 60 ndani, na gundi ile huanza kulegea kwenye joto la namna hiyo.

Vitu vingine: kisu cha kuvunja wembe chenye upana wa mm 18 na boksi la nyembe za akiba, msasa namba 120, 240 na 400, rula ya chuma, karatasi za manila, masking tepu mbili pana, nailoni ya kufungia chakula, kalamu ya wino wa kawaida (makapeni huvuja na kutokea juu ya rangi nyepesi baada ya wiki kadhaa), na hitigani, ile bunduki ya umeme inayopuliza hewa ya moto. Draya ya saluni haitoshi kwa foamu ya mm 10. Hitigani ya wati 1,800 ikiwaka saa nzima inakula karibu uniti 2 za LUKU, na ukiichomeka kwenye ekstensheni ya waya mwembamba, utakaoyeyuka kwanza ni waya.

Patroni: hapa usiwe na haraka

Deraya mbaya huwa mbaya tangu kwenye karatasi. Wahusika wa gemu wamechorwa na mabega mapana kuliko binadamu yeyote, na wengine wana urefu wa kutisha. Master Chief wa Halo, kwa mfano, anapita mita 2 akiwa na deraya yake. Ukinakili vipimo vyake unatembea ndani ya pipa. Ukinakili umbo lake kwenye vipimo vyako unapendeza.

Njia isiyo na gharama ni kujifunga. Vaa nguo utakayoivaa chini ya deraya, si nyingine. Msaidizi akuzungushie nailoni kifuani na mgongoni, kisha abandike masking tepu juu yake matabaka mawili, moja la wima na moja la ulalo, wakati wewe umevuta pumzi na kuijaza. Ukijifunga umetoa pumzi, vazi litakubana siku nzima. Chora mstari wa katikati mbele na nyuma, halafu chora deraya juu ya mwili wako: kola, makwapa, mwisho wa kifua, mistari ya mabamba. Weka vialama vya kukutanisha kila baada ya sm 5 kuvuka kila mstari utakaokatwa. Bila vialama hivyo, vipande viwili vya mviringo havitakutana, na hutajua kosa liko wapi.

Kata kwa mkasi butu kufuata mistari, lalisha vipande mezani. Kipande kikigoma kulala, kata mpasuko hadi kilale. Mpasuko huo utakuwa pembetatu ya kubana, sawa na ile fundi cherehani anayoiweka kubana kiuno cha gauni. Nakili upande mmoja tu kwenye manila, na huohuo ugeuze kupata wa pili. Hakuna mwili ulio sawa pande zote, lakini jicho la mtazamaji linataka deraya iwe sawa.

Sasa hesabu ya unene, ambayo wengi huiruka. Manila haina unene, foamu inao. Foamu ya mm 10 ikizungushwa kuwa bomba, upande wa ndani hubanana, na ule mzunguko uliopima hupungua kwa sm 3 hivi. Kigasha chako kikiwa na mzunguko wa sm 26 pale penye unene zaidi, ongeza sm 3 za unene na sm 3 za hewa, ukate sm 32. Kwa foamu ya mm 5 ongeza sm 1.5 badala ya 3. Paja likipanda daladala litavimba kidogo kwa joto, kwa hiyo pale nafasi ya hewa iwe sm 4 hadi 5.

Baadhi ya magemu yana patroni tayari mtandaoni, za programu ya Pepakura, zinazofungua umbo la kompyuta likawa karatasi bapa. Ni nzuri kwa helmeti. Ukizipeleka stationari kuchapisha, sisitiza asilimia 100, bila kulinganisha na ukubwa wa karatasi. Kompyuta ikiachiwa ijiamulie hupunguza asilimia chache, na asilimia hizo ndizo zinazofanya helmeti ikwame kwenye masikio.

Kabla ya kugusa foamu, unganisha manila nzima kwa tepu na uivae. Keti kwenye kiti. Kama ukingo wa chini wa kifua unasukuma kola hadi kidevuni, kifua ni kirefu. Kipunguze kiishie vidole viwili chini ya mbavu. Nyoosha mikono mbele kama unayeshika usukani. Kama inagota, chimba makwapa sm 3 zaidi. Panda ngazi. Bamba la muundi likigusa goti, litakukata ngozi kabla ya saa sita mchana. Liache sm 5 chini ya goti.

Kukata na kukunja

Wembe mpya hukata foamu kama siagi, na baada ya mita chache hukata kama msumeno. Vunja ncha bila huruma. Dalili ya wembe uliochoka utaiona kwenye ukingo: badala ya uso laini unaong'aa kidogo, kuna vijiti vilivyong'oka kama mkate uliokatwa kwa kijiko. Pitisha mara mbili au tatu, ya kwanza ya juujuu ya kuongoza, na uvute kisu badala ya kukikandamiza. Kisu kisimame wima kabisa. Kikilala hata kidogo, ukingo unakuwa na mteremko, na ungio litapinda kuelekea upande usioutaka.

Mteremko wa makusudi ni jambo jingine. Kingo mbili zilizokatwa kwa nyuzi 45 zikikutanishwa zinatoa kona ya nyuzi 90, na hivyo ndivyo mabamba ya mabega yanavyopata makali yake. Jaribu kwanza kwenye masalio.

Kunja kabla ya kuunganisha, maana gundi ya njano hulegea ikipata moto, na ukiunganisha kwanza ungio linafunguka mbele ya macho yako. Shika hitigani sm 10 hivi kutoka kwenye foamu na uizungushe bila kusimama. Tazama uso: mwanzo hauna mng'ao, kisha unakuwa kama umepakwa mafuta kidogo. Hapo matundu ya juu yamejifunga na foamu imelegea. Geuza, pasha upande wa pili, halafu ikunje juu ya kitu chenye umbo unalolitaka na uishikilie hadi ipoe kabisa, sekunde 40 hadi 60. Sufuria namba ndogo inatosha kwa bega, chupa ya lita moja na nusu kwa kigasha, na mpira wa miguu kwa paji la helmeti. Ukiachia mapema itarudi nusu ya mkunjo. Uso ukianza kutoa vipovu au harufu kali, umechoma, na hapo hakuna cha kurekebisha ila kukata kingine.

Mistari ya mapambo hufanywa wakati huu pia. Kata mfereji wa kina cha mm 2 hadi 3 kwa ncha ya wembe, usivuke nusu ya unene, halafu upitishe moto juu yake. Mfereji hujifungua wenyewe kama mdomo na kuacha mstari mpana uliokwisha kujiziba. Huo mstari mmoja hufanya bamba la foamu lionekane limeungwa kiwandani kuliko rangi yoyote.

Hewa: gundi hii ina toluini. Fanyia barazani au uani, si chumbani kwenye feni, na usiache watoto karibu. Barakoa ya hospitali huzuia vumbi la msasa kidogo lakini haizuii mvuke wa gundi hata chembe. Kwa kazi ya saa nyingi tafuta barakoa ya wapiga rangi ya magari, ile yenye vichujio vya mkaa. Na jiko lizimwe. Mvuke wa gundi unashika moto.

Gundi na unyevu wa pwani

Paka tabaka jembamba pande zote mbili. Kingo zilizokatwa zina matundu na hunywa tabaka la kwanza, kwa hiyo likikauka paka la pili. Kisha subiri. Siku kavu ni dakika 10 hadi 15. Kipindi cha masika, kuanzia Machi hadi Mei, inaweza kufika dakika 25 au 30. Usiangalie saa, gusa kwa kifundo cha kidole: gundi iwe inanata bila kuvuta nyuzi na bila kuacha alama kwenye ngozi.

Hewa ikiwa na unyevu mwingi hutokea jambo ambalo maelekezo ya ughaibuni hayalitaji. Thina ikipaa hupoza uso wa gundi, na mvuke wa hewani hutua juu yake kama umande kwenye glasi ya maji baridi. Gundi inapata utando mweupe-mweupe. Ukibandika hivyo, umebandika maji. Pitisha hitigani kwa mbali sekunde chache hadi weupe upotee, ndipo ukutanishe. Bora zaidi, siku ya mvua fanya kazi ya kukata na kuchora, gundi iache hadi saa tano za asubuhi siku ya jua.

Gundi hii haina nafasi ya pili: vikigusana vimeshikana. Anza kwa kukutanisha ncha mbili za ungio, kisha katikati, kisha robo na robo, ukifuata vialama. Ukianza upande mmoja na kutambaa hadi mwingine, utafika mwisho ukiwa na sentimita ya ziada. Baada ya hapo kinachotakiwa ni nguvu, si muda. Bana kila sentimita kwa vidole kwa nguvu zako zote. Ungio lililopotoka lipashe moto taratibu, lilegee, uvute na urudie.

Kwa ndani, kila ungio linalobeba uzito, yaani mabega, ubavu na kiuno, liwekee utepe wa kitambaa cha pamba wa sm 4 uliopakwa gundi. Mabaki ya khanga yanafaa sana. Utepe huo ndio unaoshika deraya pale gundi inapolegea juani saa nane mchana. Kwa hapa kwetu usiuone kama urembo.

Helmeti

Pima kichwa kikiwa na nywele utakazokuwa nazo siku ile. Waliosuka wakapima kabla ya kusuka hili linawahusu. Helmeti iliyofungwa pande zote inatakiwa kupita kwenye sehemu pana zaidi ya kichwa, kwa hiyo nyingi huwa kubwa mno zikishakaa. Suluhisho ni kuikata kisogoni na kuifanya mlango unaofungwa kwa velkro au sumaku ndogo. Ndani weka vipande vitatu vya sponji, paji la uso na juu ya masikio. Hapo sponji ya makochi ndiyo mahali pake.

Kioo cha uso hakihitaji kuagizwa nje. Maduka ya spea za pikipiki yanauza vioo vya helmeti za bodaboda, vya wazi na vya giza, tayari vimepinda na havivunjiki hovyo. Chagua cha giza la wastani. Ukumbini kuna mwanga mdogo, na kioo cheusi tii kitakufanya ukanyage watoto.

Ukungu ndani ya kioo utakuja, haukwepeki. Paka tone la sabuni ya maji ya vyombo, futa kwa kitambaa kikavu hadi kionekane safi. Kisha weka feni mbili za kompyuta za mm 40, za volti 5, zinazotumia USB. Moja iingize hewa karibu na kidevu, nyingine itoe kisogoni. Feni nyingi hupuliza kuelekea upande wenye stika, kwa hiyo hakikisha kwa karatasi kabla ya kubandika. Powabenki ya mAh 5,000 inaziendesha siku nzima. Ila baadhi ya powabenki hujizima zenyewe zikiona umeme unaotumika ni mdogo, kwa hiyo ijaribu nyumbani kwa saa moja.

Kuziba, kisha rangi

Rangi ya kupuliza ikienda moja kwa moja kwenye foamu hunywewa, na bamba likipinda inapasuka kama udongo wa kiangazi. Kwanza funga matundu kwa moto kama ilivyoelezwa, kisha paka kizibio.

Wengi hutumia gundi nyeupe ya maseremala, sehemu 2 za gundi kwa 1 ya maji, matabaka 4 au 5. Inafaa kwa helmeti na mabega, ambavyo havipindi. Kwenye ubavu, kiuno na kigasha hupasuka, na ikilowa jasho inarudi kunata. Kwa sehemu hizo tafuta maduka ya rangi ile rangi ya maji ya kuzuia kuvuja kwa mapaa ya zege, inayokauka ikiwa kama mpira. Izimue kwa maji asilimia 10, paka matabaka 3 membamba, kila moja likauke saa 3, na wakati wa mvua liache lilale usiku. Tabaka nene hukauka juu tu. Chini linabaki bichi, na siku ya jua linatoa mapovu.

Rangi ya kwanza iwe nyeusi, ya kupuliza, kutoka sm 20 hadi 25, asubuhi kabla upepo wa bahari haujaamka. Ukikaribia zaidi inachuruzika. Ukiwa mbali mno inakaukia hewani na kuacha uso mkavu kama msasa. Rangi ya chuma inakuja juu ya nyeusi. Halafu ichafue: changanya rangi nyeusi na kahawia za akriliki kwa maji mengi, paka kipande chote, na ufute kwa kitambaa papo hapo. Uchafu unabaki kwenye mifereji. Mwisho chovya brashi kwenye rangi ya fedha, ifute kwenye gazeti hadi ionekane haina kitu, kisha ipitishe kwenye kingo tu. Chuma halisi huchubuka kwenye kona kinapogongwa milangoni, si katikati ya bamba. Wanaonyunyiza makovu kila mahali hupata deraya yenye surua.

Funika kwa vanishi ya akriliki isiyong'aa. Vanishi ya mbao ya mafuta usiitumie, hugeuka njano na kwenye joto hubaki inanata kwa wiki.

Rangi moja ina hatari isiyohusiana na ufundi. Mabaka ya kijeshi yaache kabisa, hata kama mhusika wako anayavaa. Tanzania raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala mavazi yanayofanana nazo, na Agosti 2023 Jeshi la Wananchi (JWTZ) lilitoa siku 7 kwa raia walionayo kuyasalimisha. Badili iwe kijivu, bluu au kutu. Silaha ya foamu nayo ipake ncha ya rangi kali ya chungwa na uibebe ikiwa imefunikwa. Polisi wa doria hana muda wa kukisia kama ni gemu.

Mikanda

Deraya haibandikwi mwilini, inaning'inia. Mabega yabebwe na kifua, mapaja yaning'inie kwenye mkanda wa kiunoni, miundi isimame juu ya kiatu. Tumia mikanda ya mabegi ya sm 2.5 na vifungo vyake vya plastiki, hata vya mabegi ya mtumba. Usibandike mkanda kwa gundi peke yake: pitisha kwenye mpasuko, urudishe nyuma ya bamba sm 6, gundi juu yake, kisha kipande cha foamu cha kufunika. Pale panapohitaji kupumua, kama ubavuni, weka lastiki pana. Velkro ya kubandika kwa gundi yake yenyewe itaachia kwa jasho. Ing'oe gundi hiyo na utumie ya njano.

Vifungo vyote uweze kuvifungua peke yako ukiwa na glovu. Fikiria choo, ndipo uamue kifungo kikae wapi.

Siku yenyewe

Usivae ukitoka nyumbani. Pakia kwenye mfuko mkubwa wa shangazi kaja, vipande vikubwa chini, kila kimoja kimepakwa poda kidogo na kutenganishwa kwa kitambaa ili rangi zisishikane. Usitumie nailoni kutenganisha, huganda kwenye vanishi. Kwenye bajaji mfuko ukae kivulini, mbali na upande wa injini.

Chini ya deraya vaa fulana nyepesi ya michezo ya mikono mirefu na suruali ya namna hiyo. Pamba inanyonya jasho na kubaki imelowa. Dakika 30 hadi 40 ndani, kisha helmeti ivuliwe na maji yanywewe, hata kama picha zimenoga. Kizunguzungu, kichefuchefu au ngozi iliyoacha kutoa jasho ni ishara ya kuvua kila kitu mara moja na kulala penye upepo. Mtu wa kukushika mkono kwenye ngazi ni lazima, maana ukiwa na helmeti huoni miguu yako.

Mfuko wa msaidizi uwe na supa gluu mbili, pini za kufungia, wembe, lastiki ya akiba na masking tepu. Supa gluu hukauka ngumu na huvunjika ikipindwa, lakini itakufikisha jioni.

Ukirudi, futa ndani kwa maji ya sabuni na matone ya dettol, ning'iniza kivulini siku nzima kabla ya kuhifadhi. Juani hapana: foamu iliyoegemezwa ukutani kwenye jua kali hulegea na kuchukua umbo la ukuta. Kagua maungio ya ubavu na bega kwanza, hapo ndipo huanza. Ufa ukiwa chini ya sm 2, chomeka gundi kwa kijiti cha meno pande zote mbili, subiri ikauke, bana. Ukiwa mrefu zaidi, fungua hadi mwisho wa ungio na ulibandike upya lote.